Wapangaji wa Nguzo

Miaka ishirini na saba mtu mzima anagonga nguzo za umeme kwa nyundo, halafu anatega sikio. Hiyo ndiyo kazi, hakuna nyingine. Wapo waliompita barabarani wakadhani amerukwa na akili: mzee wa kofia ya buluu anaigonga nguzo mara nne, anainamisha kichwa kama anayesikiliza umbea, anahamia upande wa pili, anagonga tena. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Kigong'ota, yule ndege anayetwanga miti kwa mdomo, na jina likamganda mpaka ofisini. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Sasa usiichukulie kazi hii mchezo. Nguzo ni mti uliokufa, na mti uliokufa haukwambii unaumwa wapi. Nje umepakwa dawa nyeusi, umesimama wima, unauona mzima. Ndani umebunguliwa umebaki gamba. Fundi wa laini anaukwea kwa makucha yake ya chuma, amejifunga nao kwa mkanda, na akishafungua zile nyaya zilizokuwa zimeushikilia huku na huku, mti unakatika kwenye kifundo na kuja chini naye. Ndiyo maana hakuna fundi anayekwea kabla Kigong'ota hajapita. Nguzo ikimjibu kwa sauti kavu, anaizungushia pete ya rangi nyeupe, maana yake panda. Ikimjibu kwa sauti ya mtungi mtupu, anaichora mkasi mwekundu, mistari miwili iliyokatana, maana yake kaa mbali. Mafundi hawamwulizi swali. Wanatazama rangi, wanapanda.

Sikio lile lilikuwa la kuzaliwa nalo. Siku aliyoajiriwa walikuwa vijana kumi na mmoja, wamepangwa mbele ya magogo matano, wakaambiwa wagonge waseme lipi bovu. Kumi wakataja moja. Yeye akataja mawili, na lile la pili lilipopasuliwa likamwaga mchwa kama gunia la mchele lililotoboka. Alikabidhiwa nyundo siku hiyo hiyo, na tangu hapo, tusifichane, alivimba kichwa. Akienda kwa watu ugenini anagonga miimo ya milango. Akipewa kiti anakigonga kwanza ndipo akae. Mkewe alikuwa anaona aibu mpaka anatamani ardhi ipasuke.

Binti yake wa pili alipoleta mchumba, na mchumba mwenyewe akawa fundi wa laini wa kikosi kile kile, Kigong'ota alifurahi kupita kiasi. Alimwambia kijana mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Mimi nimekupa binti, na wewe umenipa kazi ya kukulinda. Ukiona pete yangu, panda kama unapanda ngazi za nyumbani kwenu." Watu walicheka. Kijana aliinamisha macho akasema, "Ahsante, baba." Alikuwa mrefu, mpole, mwenye adabu ya kutafuta kwa tochi. Hakukaa mkeka mmoja na mkwewe, hakutafuna mbele yake, hakumkata kauli hata siku moja. Miaka mitano walikuwa wanafanya kazi kikosi kimoja na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini, ya mtu aliye ukweni.

Basi masikio yakaanza kuleta za kuleta.

Kwanza ilikuwa simu. Aliilaumu simu. Halafu ikawa redio, akainunulia betri mpya, akaifungulia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. "Umetia pamba masikioni?" mkewe alimwuliza siku moja, baada ya kumwita mara tatu kula. Yeye alisema watu wa siku hizi wamezoea kunong'ona. Wanawe wananong'ona, makarani wananong'ona, hata muuza mkate ananong'ona. Dunia nzima ilikuwa imekula njama.

Halafu asubuhi moja akagonga nguzo iliyo mbele ya zahanati. Aliiona nyundo ikigota. Aliusikia mrudisho wake kiganjani. Lakini jibu lilikuja kama limetoka nyumba ya pili, limefungiwa mlango. Akagonga kwa nguvu zaidi, halafu zaidi ya hapo, mpaka muuguzi akachungulia dirishani. Kigong'ota alisimama pale na nyundo yake, na hasira alizokuwa nazo hakujua amtupie nani. Ungekuwa mguu umevunjika, angefungwa plasta na kupewa pole. Lakini sikio la Kigong'ota ndiye Kigong'ota mwenyewe.

Kusema ofisini hakuthubutu. Anayeharibika kiungo hupelekwa getini, akaandike magari yanayoingia na yanayotoka. Aliwafahamu wawili waliopelekwa, wanaume wa haja enzi zao, sasa wanakaa kwenye kibanda cha bati wakigombania kivuli. Akaapa kwamba yeye hapana, afadhali afe na nyundo mkononi.

Akabuni ujanja. Akiwa na shaka, anachora mkasi mwekundu. Bora kuharibu nguzo kuliko kuharibu mtu, si ndivyo? Hapo alikuwa na akili zake bado. Lakini kila mkasi mwekundu unataka nguzo mpya, shimo jipya, winchi na siku nzima ya watu wanne, na mkuu wa bohari hakuwa mtu wa subira. Aliagiza nguzo tatu za mkasi zikatwe mbele yake. Zote tatu zilikuwa ngumu kama jiwe, msumeno ulitoa moshi. "Mzee wangu," alisema, akiitazama mikato, "hapa unatukatia miti mizima. Nikiona mkasi mwingine wa namna hii, nakupeleka ukapimwe masikio." Vijana wakacheka. Kigong'ota naye akacheka, shingo upande.

Ndipo alipoanza mambo ya nyuma ya bohari. Kule kuna rundo la nguzo zilizong'olewa, moja juu ya nyingine, majani yamezipanda. Miaka yote alipita pale bila kugeuza shingo, maana nguzo ikishachorwa mkasi kwake ilikuwa imekwisha, haina kitu. Sasa akawa anakwenda saa za chakula na shoka, patasi, na kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Awajue wanaoula mti ni akina nani, ajue wanaacha dalili gani kwa nje, na dalili hizo azisome kwa macho. Macho hayakuwa na kasoro, na kwa macho angejiokoa.

Alitarajia mchwa tu. Gogo la kwanza alipolipasua, aliyemkabili ni tandu, mwekundu, mwenye haraka zake, akamrusha mzee nyuma hatua mbili. Tandu alipojiendea, likabaki buu moja nono, jeupe, limejikunja, mdomo mweusi umezama kwenye mti. Lilikuwa linatafuna. Kigong'ota akaliinamia na kutega sikio kwa mazoea, maana zamani angelisikia hata likiwa ndani ya mti mzima. Aliona taya zikienda na asisikie lolote. Nyuma yake buu lilikuwa limeacha unga, na unga huo limeushindilia kwenye tundu mpaka umekuwa mgumu. Akachomeka bisibisi, ikagoma. Akakaa chini kwenye majani. Kumbe tundu lililojaa unga halilii kama tundu. Nguzo inaweza kuwa imetobolewa kama chujio ikakujibu kwa sauti kavu, nzima kabisa, na ukaipa pete yako nyeupe huku unapiga mluzi.

"Tangu lini mnanifanyia hivi?" aliliuliza buu.

Jibu lilimngoja rundoni siku ya tatu. Alikuta nguzo yenye pete yake mwenyewe, ya miaka tisa nyuma, wakati masikio yake yalikuwa yanasikia panya akikohoa. Ilikuwa imeng'olewa kwa ajili ya upanuzi wa barabara, si kwa ubovu. Aliipasua. Mchwa walikuwa wameula moyo wote wa mti na badala yake wamejaza udongo, wakaupiga lipu vizuri kuliko fundi ujenzi. Aliutazama udongo ule kwa muda mrefu. Miaka yote ile ya kuvimba kichwa, na pengine nusu yake ilikuwa bahati tu. Hilo lilimuuma kuliko ukiziwi wenyewe.

Mwingine angeacha. Yeye alirudi kesho, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata, kwa ukaidi tu, kama mtu anayemrudia mdeni asiyemtaka. Na kadiri alivyopasua ndivyo wenyeji walivyozidi. Katika ufa mwembamba alikuta kijidudu chenye mikono ya nge, ila hakina mkia, chote hakifiki mbegu ya ufuta. Ukikigusa na unyasi kinarudi nyuma, mikono juu, tayari kupigana nawe. Alikuta vidudu vyeupe visivyo na umbo la maana, vinavyoruka ukivipumulia. Alikuta jongoo wachanga, wembamba kama uzi wa cherehani, na ukungu wa manjano ambao juu yake wanalisha mende wadogo wadogo, wametulia kama mbuzi. Kwenye mlango wa mchwa alikuta askari mwenye kichwa kikubwa cha kahawia, amekiziba kitundu kwa kichwa hicho. Alimsukuma kwa sindano, hakubanduka. Alimsukuma tena. "Nani anakulipa wewe?" Kigong'ota alimwuliza, na akajikuta anampa jina, Bawabu, na kila siku akifika anamtafuta yeye kwanza.

Waliomchukua muda mrefu zaidi ni sisimizi weusi. Alidhani nao wanakula mti. Aliwatupia vumbi la mbao siku tano, wasiliguse. Aliwatupia makombo ya mkate, wakayabeba mara moja. Polepole akaelewa kwamba hawa ni wapangaji. Mchwa na mabuu huchimba vyumba, wakihama sisimizi wanaingia, wanaweka watoto wao weupe chumba kimoja, wamewalundika kama punje za wali. Ukiligonga gogo kwa muda mrefu, kila mmoja anamkamata mtoto kwa mdomo na kutoka mbio kwenye ufa wa karibu. Yaani ukiwaona sisimizi wanatoka kwenye mti na watoto wao, jua ndani kuna vyumba.

Hapo alishangilia moyoni, kwa siku moja. Siku ya pili akaona upuuzi wake. Sisimizi aliwakuta kwenye nguzo mbili tu kati ya arobaini, na walitoka baada ya mtikisiko mrefu, si kwa mapigo manne ya nyundo. Na wale wengine wote, buu na Bawabu na mwenye mikono ya nge, walikaa ndani kimya, wala hawakumtolea mtu dalili. Alivyozidi kuwajua ndivyo alivyozidi kuona kwamba kwa nje hawajulikani. Aliirusha patasi ikagonga bati la uzio, mlinzi akaja mbio, na Kigong'ota akamwambia amemwona nyoka.

Nyumbani nako moto uliwaka. Alikuwa ameleta kipande cha gogo kwenye chupa ya jemu, akakificha kabatini nyuma ya vikombe, apate kukitazama jioni. Chupa ilikuwa na ufa. Wiki mbili baadaye mkewe alishika mguu wa kabati kulisogeza, mguu ukabaki mkononi mwake.

"Baba watoto," alisema, ameushika mguu ule kama anamwonesha hakimu, "ofisini wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Basi kwa nini kazi umeihamishia kwenye kabati langu?"

Kigong'ota alitaka kumweleza habari za mabuu na unga. Alianza hata, akazungumza juu ya Bawabu. Mkewe alimsikiliza akiwa amekunja mikono, akangoja amalize. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, tena akimtazama usoni ili aione midomo yake, "Mume wangu, nenda kapime masikio." Yeye alichukua kofia akatoka nje. Alizunguka mtaa mara mbili kwa hasira, na aliporudi kabati lilikuwa limeegemezwa tofali na chakula kimefunikwa.

Huku nyuma, kila asubuhi nguzo arobaini zilimngoja. Alizigonga zote. Alijaribu kuzisikia kwa kiganja, kwa meno, kwa kuweka paji la uso kwenye mti. Alipokuwa na shaka, na shaka ilikuwa ya kila siku, mkono ulikwenda kwenye kopo la rangi nyeupe, kwa sababu lile jekundu lilikuwa linampeleka kupimwa. Hapa simtetei. Alijua anafanya nini. Alikuwa anajiambia kwamba nguzo nyingi ni nzima, ambayo ni kweli, na kwamba wiki ijayo atapata dalili ya uhakika. Miezi kumi na minne alijiambia wiki ijayo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, kama saa nne asubuhi, kwenye mtaa wenye duka la vitambaa na kinyozi. Walikuwa wanabadilisha nyaya za mtaa mzima. Kulikuwa na dereva wa winchi, aliyekuwa kwenye gari anasoma gazeti, mkwe, na Kigong'ota. Nguzo ya kona aliigonga kama alivyogonga zote. Kiganja kilimwambia labda. Akaichora pete nyeupe, na rangi haijakauka mkwe wake alikuwa ameshafunga mkanda.

"Tayari, baba?"

"Panda."

Kijana akapanda. Alikuwa mzito, na kila alipokita makucha nguzo ilitetemeka kidogo. Kigong'ota aliinama kufunga kopo la rangi. Ndipo alipowaona. Kwenye ufa mwembamba, urefu wa goti kutoka chini, alitoka sisimizi mmoja mweusi, akasimama, akapapasa hewani, akarudi ndani. Halafu akatoka tena, na mdomoni ameshika mtoto mweupe. Nyuma yake wakatoka wawili, wanne, halafu ikawa kamba nyeusi yenye madoa meupe, inateremka kwenye nguzo kwa haraka kupita juu ya rangi mbichi, wengine wananasa hapo hapo na wenzao wanawakanyaga.

Alitazama juu. Mkwe alikuwa ameshafika kwenye nyaya. Waya wa kwanza ulikuwa umefunguliwa tayari, unaning'inia.

"Shuka," Kigong'ota alisema.

Kijana akatazama chini, mkono bado uko kwenye waya wa pili. Akasema kitu. Kigong'ota aliona midomo tu.

"Shuka, nimekwambia."

Safari hii kijana alipaza sauti kidogo, kwa adabu. "Namalizia huu mmoja, baba. Si umeigonga?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, na nakuhakikishia Kigong'ota aliiona. Angeweza kusema kuna wadudu, kuna nyigu, dereva amesema tungoje. Lakini fundi aliye juu na waya mmoja mkononi hashuki kwa ajili ya wadudu. Ana pete nyeupe chini yake, na pete ni pete. Angemaliza kwanza, na waya huo wa pili ndio ulikuwa umeushika mti. Dereva alikuwa amekunja gazeti anatazama. Kinyozi alikuwa mlangoni na mkasi wake.

"Nimeigonga," Kigong'ota alisema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Sikusikia kitu. Mimi sisikii. Hiyo pete ni ya uongo. Usiguse waya, shuka polepole."

Alitegemea mabishano, au walau mshangao. Kijana aliuondoa mkono kwenye waya papo hapo, kama mtu aliyekuwa anangoja kauli hiyo hiyo. Akaanza kushuka, hatua moja, anatulia, hatua nyingine, anatulia. Kigong'ota aliikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili, sijui alidhani atasaidia nini, na sisimizi wakampanda mikononi na watoto wao, wakamuuma, asiwaondoe. Alikuwa anaona soli za viatu vya mume wa binti yake zikija karibu, na kila makucha yalipokita alikuwa anafumba macho.

Miguu ikagusa ardhi. Dereva alileta winchi, akaufunga mti kwa kamba ya chuma, na wakaukata kwa msumeno usawa wa goti. Haukuchukua hata dakika. Kilichokuwa kimeushikilia mti ule ni gamba la dawa nyeusi, unene wa kidole gumba. Ndani kulikuwa na vyumba juu ya vyumba, kuta nyembamba kama karatasi, unga, udongo, mabuu mawili yanajikunjakunja kwa mwanga, tandu anakimbia, sisimizi wanahangaika kuokoa waliobaki. Kinyozi alikuja karibu akatazama, akarudi dukani kwake. Dereva aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko bila kugusa upande wa pili.

Mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, anafungua mkanda. Kigong'ota akaenda akasimama mbele yake.

"Nilikuwa nakudanganya," alisema. "Miezi kumi na minne."

"Najua, baba."

Alilisoma hilo kwenye midomo, na akadhani amesoma vibaya. "Unajua nini?"

"Kwamba husikii. Tangu ulipoanza kugonga kwa nguvu."

"Na ukawa unapanda."

"Ningeanzaje, baba?" Kijana alikuwa anazungumza na mkanda wake, mzee amemwinamia kuisoma midomo. "Nikwambie wewe, baba wa mke wangu, kwamba masikio yako yamekufa? Niipite nguzo yenye pete yako mbele ya wenzangu? Watu wangesemaje?"

Kigong'ota alipandwa na hasira, kubwa kuliko zote za mwaka ule. Zilikuwa juu yake mwenyewe, na juu ya mkwe huyu na adabu yake, na juu ya meza yake ambako kila mtu alijua na kila mtu alikula akanyamaza, isipokuwa mwanamke mmoja ambaye, alipomwambia, yeye alichukua kofia akatoka nje. "Adabu hiyo ingekuua," alisema. "Binti yangu ningemwambia nini?"

Kijana alijibu. Alijibu kwa ile sauti ya chini, kichwa ameinamisha zaidi, na kwa mzee halikufika hata neno moja.

"Sikusikia," Kigong'ota alisema. "Sema tena."

Mkwe akainua uso. Miaka mitano hakuwahi kumpigia kelele mkwewe, wala kumtazama machoni moja kwa moja. Sasa alimtazama, na akapaza sauti mpaka dereva akageuka na watu wa duka la vitambaa wakatoka nje.

"Nimesema hii ni nguzo ya mia moja na themanini na saba tangu nijue, baba. Kila nikifika chini mzima, nahesabu."